KAARE KLINT: FUNDI ALIYEMPIMA MTU KABLA YA KUPIMA UBAO

Wahenga wetu wa pwani walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake hasa niliijua mwaka ule nilipomwoza binti yangu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, nayo ni ya mawe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa waliojenga zamani walifuata urefu wa boriti. Boriti ya mkoko haifiki mbali, na upana wa chumba hauwezi kupita pale boriti inapoishia. Ghorofa ya juu nilimpa binti yangu akae na mumewe, kama ilivyo ada yetu, na chumba chake kikubwa hakizidi futi nane na nusu kwa upana.

Kwa kutaka kumfurahisha, na kwa kuogopa maneno ya watu, nikaenda dukani nikachukua makochi makubwa na kabati la kioo, kwa mkopo wa kulipa kila mwezi. Ili nipate malipo ya kwanza nikauza kiti cha kamba cha bibi yangu, ambacho kilikuwa sebuleni tangu kabla sijazaliwa.

Makochi yalipoletwa hayakupita mlangoni. Ikabidi yavutwe kwa kamba na dirisha ling'olewe. Yalipoingia, wageni wakawa wanapita ubavu ubavu kama kaa. Kabati nalo lilikuwa zuri kwa macho, lakini sahani kubwa za pilau ziligoma kuingia. Jirani yetu mmoja, seremala mzee, alipokuja kutupa mkono wa kheri aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyepima? Nikainamisha kichwa. Hakuna aliyepima.

Miezi michache baadaye mpwa wangu aliye baharia alirejea safarini na kitabu chenye picha za viti na meza za Skandinavia, yaani nchi za kaskazini ya Ulaya kama Denmark, Uswidi na Norwe. Vyombo vya huko vina sifa duniani kote. Ni vyepesi, havina makuu, na mbao zake hazifichwi kwa rangi nzito. Nilikuwa nakifunua kitabu kwa uvivu tu, mara ukurasa mmoja ukanishtua. Palikuwa na kiti cha turubai chenye mikanda ya ngozi, cha namna ile tuliyozoea kuiona katika picha za Wazungu wawindaji wa Kenya. Chini yake pameandikwa jina la Kaare Klint wa Denmark, na mwaka 1933.

Nikajiuliza, kiti cha porini kwetu kilifikaje Copenhagen? Nikaanza kutafuta habari za mtu huyu, na kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona haya kwa ajili ya makochi yangu. Leo nataka kukusimulia maisha yake, msomaji.

MTOTO WA MJENZI

Kaare Klint alizaliwa tarehe 15 Desemba 1888 huko Frederiksberg, mji ulioshikana na Copenhagen. Denmark ni nchi ndogo iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, na visiwa vyake ni vingi. Haina madini ya kujivunia wala misitu mikubwa ya kuuza. Utajiri wake ulikuwa ukulima, uvuvi, ubaharia na mikono ya mafundi.

Baba yake, Peder Vilhelm Jensen-Klint, alisomea uhandisi, akawa mchoraji wa picha, kisha akashika kazi ya kubuni majengo. Alipenda sana ufundi wa waashi wa zamani, wale waliojua kulipanga tofali mpaka ukuta ukawa pambo pasipo kupakwa kitu.

Nyumbani mwao kazi ya mikono ilikuwa sehemu ya maisha. Mwanzoni mwa karne ya ishirini baba huyo alitengeneza taa ya mafuta, ikakosa kifuniko cha kupunguza ukali wa mwanga. Akatwaa karatasi, akaikunja mikunjo midogo midogo kama marinda ya nguo, na kifuniko kikapatikana. Basi jamaa nzima ikajifunza kukunja. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo aliona kwamba karatasi isiyo na thamani yaweza kuwa kitu cha heshima ikipata mkono wenye akili na subira.

Kijana Kaare alianza kwa kusomea uchoraji wa picha. Baadaye akageukia kazi ya baba yake, akajifunza kwake na kwa mjenzi mwingine aitwaye Carl Petersen. Huyo Petersen ndiye aliyemfungulia mlango.

KITI CHA KUBEBWA

Katika mji mdogo wa Faaborg, kisiwani Funen, alikuwako tajiri mwenye kiwanda cha vyakula vya makopo, jina lake Mads Rasmussen. Alikuwa akinunua picha za wachoraji wa kisiwa hicho, akataka zijengewe makumbusho. Petersen akapewa jengo, na Klint akapewa kazi ya vyombo vya ndani. Mwaka ulikuwa 1914, naye hajatimiza miaka 26.

Tazama alivyofikiri. Mtu aendaye kutazama picha hukaa mahali pamoja kitambo, kisha husogea mahali pengine. Kwa hiyo kiti kiwe chepesi, mtu aweze kukichukua mwenyewe bila kuita mtumishi. Tena sakafu ya jengo lile ilipambwa kwa vigae vya rangi, na kiti kizito kingeificha. Klint akatengeneza kiti cha mbao ya mwaloni, mgongo wake umezunguka na kumkumbatia mkaaji, na sehemu kubwa yake imesukwa kwa henzirani. Macho yanapenya kati ya henzirani, na nakshi ya sakafu yaonekana ng'ambo. Kiti hicho chaitwa kiti cha Faaborg, na wengi huanzia hapo wanapohesabu umri wa vyombo vipya vya Denmark.

Mimi niliposoma hayo nilikumbuka viti vyetu vya enzi vya Lamu na Mombasa, vya mpingo, vilivyosukwa kwa nyuzi mgongoni na kitakoni. Navyo hupitisha upepo na mwanga. Sisemi Klint aliviona. Nasema fundi wa hapa na fundi wa kule waliulizwa swali lililofanana, na kila mmoja akajibu kwa kusuka.

KUPIMA SAHANI NA SHATI

Baada ya Faaborg, Klint alishika njia ambayo wengi waliiona ya ajabu. Alianza kupima watu. Alipima urefu wa mguu toka kisigino hadi goti, urefu wa paja, mahali kiwiko kinapofika mtu akiketi, na umbali mkono unaofikia mtu akiwa amesimama. Kiti kikiwa kirefu mno miguu huning'inia na mapaja hufa ganzi. Kikiwa kifupi mno magoti hupanda juu na mzee hushindwa kuinuka. Kikiwa na kina kirefu mgongo haufiki nyuma. Mambo haya kila mtu ayajua mwilini mwake, lakini wachache walikuwa wameyaandika kwa hesabu na kuyapeleka kwa seremala.

Kisha akapima vitu. Alitaka kujua nyumba ya watu wa kawaida ina sahani ngapi, bilauri ngapi, vijiko na uma vingapi, mashati na shuka zimekunjwa kwa upana gani, na karatasi za ofisini zina ukubwa gani. Yapata mwaka 1930 akatoa kabati la vyombo vya mezani ambalo kila rafu na kila droo yake imetokana na vipimo hivyo. Hapakuwa na nafasi iliyopotea bure. Kabati la ukubwa wa kawaida likameza vyombo vingi kuliko makabati mengine ya ukubwa huo huo.

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu, nikachukua utepe wa fundi cherehani, nikapanda kwa binti yangu. Nikapima sahani yetu kubwa, kisha rafu ya kabati lile la kioo. Rafu ilipungua inchi mbili. Kwa inchi mbili tu nilikuwa nikilipa deni kila mwezi, na sahani ziko chini ya kitanda.

SHULE ISIYOKATAA MAMBO YA KALE

Mwaka 1924 chuo cha kifalme cha sanaa huko Copenhagen kilianzisha mafunzo ya kubuni vyombo vya nyumbani, na Klint akawa mwalimu wake. Ndiyo kazi iliyobadilisha ufundi wa nchi yake.

Yafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa Ulaya wakati huo. Vita Kuu ya Kwanza vimekwisha, na vijana wengi wataka kutupa kila cha zamani. Ujerumani kulikuwa na shule mashuhuri ya Bauhaus, iliyoanzishwa mwaka 1919, ambako Marcel Breuer alitoa kiti cha mabomba ya chuma mwaka 1925. Kwa watu hao la jana halikuwa na la kufundisha.

Klint hakufuata upepo huo. Aliwapeleka wanafunzi wake makumbusho wakapime viti na meza za kale, za Uingereza ya karne ya kumi na nane, za China, na za Misri ya mafirauni. Hakutaka waige nakshi. Alitaka wajue kwa nini mguu fulani umepinda, kwa nini kiungo fulani hakijalegea baada ya miaka mia mbili. Aliamini kuwa maswali mengi ya fundi yalikwisha kujibiwa na mafundi waliotangulia, na kwamba ni upotevu wa umri kuyajibu upya bila kuwauliza.

Wakati huo huo, pamoja na Ivar Bentsen, aliigeuza hospitali kongwe ya Copenhagen, iliyojengwa katika karne ya kumi na nane, kuwa makumbusho ya ufundi na vyombo. Makumbusho yakafunguliwa humo mwaka 1926, nayo yako hapo hadi leo. Kwa ajili yake alitengeneza mwaka 1927 kiti kiitwacho Kiti Chekundu, cha mbao ya mkangazi na ngozi ya mbuzi. Msingi wake ni kiti cha Kiingereza cha mtindo wa Chippendale. Klint alikivua nakshi zote, akakirekebisha kwa vipimo vya mwili, akabakiza mifupa tu. Mifupa hiyo ikatosha kuwa uzuri.

KITI KILICHOPITA KENYA

Sasa nakuja kwenye kile kiti kilichonishtua.

Karne ya kumi na tisa ilipokuwa inakwisha, maofisa wa Kiingereza huko Bara Hindi walikuwa na kiti cha kambini kilichopewa jina la mji wa Roorkee, makao ya wahandisi wa jeshi lao. Kilikuwa cha kufunguliwa na kufungwa, cha kubebwa juu ya mnyama. Kiti hicho kikaenea na Waingereza hadi Afrika. Katika miaka ya 1920 Waamerika wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walipiga kambi Marsabit, kaskazini ya Kenya, wakichukua picha za wanyama wa porini, na vitabu vyao vikasomwa sana ng'ambo. Yasimuliwa kwamba Klint alikiona kiti hicho katika picha ya kitabu chao.

Mtu mwingine angeitazama picha akaona simba na tembo. Klint aliona kiti. Mwaka 1933 akatoa chake, akakiita kiti cha Safari, neno la Kiswahili ambalo lilikwisha kuingia katika lugha za Wazungu.

Ufundi wake ni huu. Miguu minne ya mbao imechongwa kwa mviringo, na vijiti vya kuiunganisha vimechomekwa katika matundu bila msumari wala gundi. Turubai au ngozi imevutwa kati ya vijiti, na mahali pa mikono pana mikanda ya ngozi tu. Mtu akiketi, uzito wake ndio unaokaza viungo. Kwa kuwa viungo havikufungwa kwa gundi, kila mguu hutafuta mahali pake, na kiti hutulia hata juu ya ardhi yenye mabonde. Huhitaji chombo chochote kukifungua, nacho kikifunguliwa ni furushi dogo la kukwapani. Hayo yalikuwa miaka kumi kabla ya kuanzishwa kampuni ya IKEA ya Uswidi mwaka 1943, ambayo baadaye ilipata utajiri kwa kuuza vyombo vya kufunguliwa na kuungwa na mnunuzi mwenyewe.

Mwaka huo wa 1933 alitoa pia kiti cha kujinyoosha kama vile vya sitaha ya meli, cha msaji na henzirani. Kabla yake alikuwa amebuni kigoda cha kukunja ambacho miguu yake, ikikunjwa, hulaliana hata ikawa mche mmoja wa mviringo. Kigoda hicho hakikutengenezwa kwa kuuzwa mpaka mwaka 1962, wakati mwenyewe yuko kaburini.

KAZI ALIYOACHIWA NA BABA

Mwaka 1930 baba yake alifariki akiacha kazi kubwa haijamalizika. Lilikuwa kanisa la Grundtvig mjini Copenhagen, lililoanza kujengwa mwaka 1921 kwa mamilioni ya matofali ya rangi ya manjano. Kaare aliishika kazi hiyo pamoja na kazi zake nyingine, akaimaliza mwaka 1940 kwa ramani ya baba yake. Mtu wa fahari angeweza kubadilisha hapa na pale ili jina lake nalo litajwe. Yeye alimaliza kilichoanzwa.

Sisi misikitini huketi juu ya mikeka na mazulia, lakini makanisa ya huko kwa kawaida huwa na mabenchi mazito. Klint aliweka viti vidogo vyepesi, ambavyo alivibuni mwaka 1936 kwa kanisa jingine lililoachwa na baba yake. Ni viti vya mbao nyeupe, na mahali pa kuketi pamesukwa kwa kamba. Mia kadhaa vikipangwa havilemei jengo. Nilipoviona pichani niliweka kitabu chini kwa muda. Vilikuwa ndugu wa kile kiti cha bibi yangu nilichokiuza.

Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Denmark, ikaikalia hadi 1945. Katika dhiki hiyo ndugu yake, Tage, alianzisha mwaka 1943 kampuni ya kuuza vile vifuniko vya taa vya karatasi walivyokunja utotoni. Kaare akabuni mwaka 1944 taa ya karatasi ya mviringo kama tunda, ambayo hata leo yauzwa. Mwaka huo huo akapewa uprofesa. Alifariki Copenhagen tarehe 28 Machi 1954, akiwa na umri wa miaka 65.

LAWAMA ILIYO YA KWELI

Sitaki msomaji adhani kuwa mtu huyu hakuwa na la kulaumiwa. Alipima nyumba za watu wa kawaida, lakini vyombo vyake vilitoka katika karakana ya mafundi stadi, kwa mbao ghali na ngozi ghali. Aliyepimwa si aliyenunua. Hata leo kiti chake cha Safari, ambacho kilitokana na kiti cha kambini, ni kitu cha wenye uwezo.

Deni hilo lililipwa na mwanafunzi wake. Børge Mogensen, aliyesoma kwake na kumsaidia kazi, alishika mwaka 1942 idara ya vyombo ya chama cha ushirika cha FDB, akachukua elimu ya kupima akaipeleka kwa watu wa mapato madogo. Kiti chake cha mwaka 1947, cha mbao nyeupe na kitako cha kusukwa, kikaitwa kiti cha wananchi. Mwanafunzi mwingine, Ole Wanscher, akarithi uprofesa. Hata waliompinga Klint kwa ukali wake walianzia pale alipofika yeye. Mwaka 1960 John Kennedy na Richard Nixon walipojadiliana mbele ya televisheni huko Marekani, viti walivyowekewa vilibuniwa na Hans Wegner wa Denmark, na dunia ikauliza vimetoka wapi.

ALAMA UKUTANI

Makochi yangu niliyauza kwa hasara, nikamaliza deni kwa taabu. Nilikwenda kwa mchuuzi niliyemwuzia kiti cha bibi, nikakuta kimekwisha kununuliwa na kuchukuliwa mbali. Basi nikamwendea yule seremala jirani, nikamwomba atutengenezee viti vinne vya kamba vya kufaa chumba chetu.

Akaniuliza kiti cha bibi kilikuwa na kimo gani. Sikujua. Mke wangu hakujua. Miaka yote tulikikalia, hakuna aliyekiwekea utepe. Binti yangu ndiye aliyetukumbusha kuwa pale sebuleni, mahali kiti kilipokuwa, chokaa ya ukuta imekwaruzwa na mgongo wa kiti kwa miaka mingi. Fundi akapiga goti, akapima toka sakafuni hadi kwenye mkwaruzo. Akamketisha binti yangu juu ya sanduku, akapima goti lake na kiwiko. Kisha akaupima mlango.

Viti viko juu sasa, na wageni wapita bila kugusa ukuta. Wewe uliye na mwana wa kuoza mwaka huu, Inshallah, usianzie dukani. Anzia mlangoni na utepe mkononi, upime chumba, uwapime watakaokaa, upime na sahani zao. Na kama kuna kiti cha bibi yako sebuleni, kipime hicho kwanza kabla hujafikiria kukiuza.